Kivuli Yenye Ilibakia pa Picha

Kamina, le 11 mai 2025

Yaya Élisa,

Nakuamkia weye na batoto, na bajirani bote benye banatujua. Huku tuko wazima. Séphora bibi yangu anakusalimia, muguu yake inapona, anatembea sasa bila fimbo. Mvua ilisha kukatika na mihindi ilikauka muzuri. Samaki yenye ulituma na mama Lise ilifika yote. Hakuonja hata moja mu njia, nilimuambia Séphora hii ni miujiza.

Habari ya Josaphat ulisha kuisikia. Tulimuzika. Ile kijana mwenye alikuwa anabeba mifuko ya makala ya kupikia pa moto, ile pikipiki yake, na kuimba, palu, ile malaria, ilimukamata, macho ikageuka njano, na juma haikuisha. Yaya Nahum, baba yake, hakuli. Anaikala tu ku mulango, anaangalia moto ya mutoto yake.

Sasa kintu yenye inanifanya niandike mbio. Tantine Mwila anakuya kwako. Nilimupandisha mwenyewe mu train ya Bukama, na mama Lise atamushusha mu baleinière, ile bwato kubwa, mpaka Mulongo. Umupokee. Asitoke-toke inje. Bantu bakiuliza, useme dada ya baba yetu anaumwa miguu, alikuya kupumzika.

Nikuelezee. Ku biro ya masomo yetu balinichagua nijaribu tablette moja. Ni ordinateur, kompyuta yembamba, unaweza kuiweka pamoja na Biblia mu mufuko moja. Clavier yake, fasi ya kupigia maandishi, inatoka: unaivuta, aimant, ile sumaku, inaachia, unabakia na kioo peke yake mu mukono. Na iko na stylo bila wino, unaandika nayo juu ya kioo. Bakubwa ya Lubumbashi banataka kujua kama ni muzuri kwa basecrétaires ya masomo yote. Minyi njo naijaribu, kisha naandika évaluation.

Pa Pasaka, siku tulipeleka mahari kwa bazazi ya muchumba ya Josaphat, nilivuta picha ya famille na ile mashini. Bote balisimama mbele ya nyumba ya yaya Nahum, pa ukuta ya matafari, na mbuzi ya jirani ikapita ikaingia mu picha nayo. Tantine alikuwa wa mwisho, pembeni ya yaya Nahum.

Pa kilio bantu balilomba kuona sura ya mwisho ya Josaphat. Nikafungua. Kioo ikapita mikono kwa mikono. Yaya Nahum akaiangalia sana, akasema:

«Tantine iko wapi?»

«Iko hapa,» bamama bakasema, juu alikuwa anaikala nabo pa mukeka.

«Hapa naona. Mu picha iko wapi? Alikuwa ananishika mukono.»

Yaya, pa fasi yake kulikuwa ukuta tu. Lakini chini, mu mavumbi, kivuli yake ilikuwa inalala. Kivuli ya muntu, na muntu hapana.

Kisha Yav, yule mwenye chambre ya maombi pembeni ya soko, akasema mulozi, muchawi, hakamatwake na mashini. Akasema siku ile mubili ya tantine ilikuwa inafanya kazi yake kwingine, kwetu alituma kivuli. Vijana bakasimama. Jiwe ya kwanza sikuona ilitoka wapi. Nikamuvuta tantine kwa mukono, nikamupandisha pa moto yangu, tukakimbia.

Minyi sikusema kintu.

Ku téléphone usiniite. Huku kila muntu anasikia. Kisha kusoma, uchome.

Mudogo yako,
Philémon

*

Mulongo, le 1er juin 2025

Philémon mudogo yangu,

Barua yako ilifika inanuka samaki kuliko samaki yenyewe, mama Lise aliificha mu beseni. Nilianika kwanza, kisha nikasoma. Uko muzima, bibi yako anatembea, Mungu asifiwe. Shiye huku, maji inashuka sasa, tunapanda mihogo ku fasi yenye ilikuwa maziwa. Viboko balikula shamba ya jirani usiku moja, asubui mama mwenye shamba akaita jina ya kila muhogo kama watoto yake. Tulicheka, kisha tukamusaidia.

Josaphat nilimulilia huku peke yangu. Umuambie yaya Nahum. Hapana, usimuambie kintu. Sijue tena.

Tantine alifika. Sikumujua. Iko na kidonda juu ya sikio, inapona. Anaikala nyuma ya mulango, na mukeka yake, na anakatala kutoka hata kuanika mihogo. Kila asubui anauliza neno moja tu: «Nahum alikula?» Namujibu ndiyo. Unisaidie kusema uongo, huwa unaweza.

Nilimuambia bantu anaumwa miguu. Balikubali siku kidogo. Kisha muchuuzi moja akatoka Kamina kununua samaki, akaiona sura yake pa dirisha. Sasa habari ya picha iko inatembea mu kijiji mbele yangu. Pa kisima banyamaza nikifika.

Kwa hiyo nakuuliza. Weye njo unajua mashini, minyi nilimaliza masomo ku kalamu ya risasi. Picha inaweza kumuacha muntu na kukamata kivuli yake? Unijibu kwa hiyo tu. Mambo ya aimant sikukuuliza.

Dada yako,
Élisa

*

Kamina, le 22 juin 2025

Yaya Élisa,

Nakuamkia. Baridi ilifika, asubui tunavaa koti mpaka saa ine. Barua yako ilikawia, banasema train ilibakia Bukama kwa kukosa machine ya kuivuta. Séphora iko muzima. Kuku mbili balikufwa na kideri.

Évaluation inaendelea. Clavier iko laini, vidole yangu ya zamani ya ku machine ya kuandika inaipenda, lakini juu ya magoti inatikisika, inataka meza. Mu jua kioo inakuwa kama maji, hauone kintu, unajiona weye mwenyewe. Mavumbi ya huku inaingia mu fasi ya clavier na aimant haishike tena muzuri. Courant ya umeme ikikatika, inachunga nguvu yake siku muzima, hiyo ni kweli. Stylo inakamatana pa ubavu ya mashini. Nikiwa pa moto yangu, ilianguka mara mbili, nikarudia kwa miguu kuitafuta mu njia.

Kwa swali yako: mashini ni mashini. Kuko mambo yenye inafanyaka.

Yaya, huku mambo haiko muzuri. Nyumba kidogo ya tantine, ile ya nyuma ya lupango, mu kiwanja ya yaya Nahum, vijana balitosha paa yake na kuiangusha. Mabati iko inalala chini, hakuna muntu anaigusa, hata benye kuiba banaogopa. Yaya Nahum alikuya kwangu ku biro. Hakunisalimia. Akasema: «Nionyeshe.» Nikamuonyesha picha. Akatia kidole juu ya kivuli, akaondoa, akaangalia kidole yake kama ilibakia na masizi. Akauliza: «Tantine iko kwa Élisa?» Nikasema sijue. Akasema: «Yav anasema mulozi ni lazima aletwe mbele ya kaburi kabla tumalize kilio. Tusipomuleta, atarudia kuchukua mwingine.» Tunamaliza kilio mu mwezi ya nane.

Akatoka. Ku mulango akageuka: «Weye njo ulivuta picha. Mungu alikutumikisha, mudogo yangu.» Akanishika bega. Tangu mutoto yake alikufwa, ilikuwa mara ya kwanza ananigusa.

Hii barua ninaandika na Bic, uniwie radhi kwa mwandiko.

Usimuache atoke. Mulango ufunge hata mu muchana.

Philémon

*

Mulongo, le 13 juillet 2025

Philémon,

Salamu. Tuko wazima, kama unaweza kuita hii uzima.

Balitupa majiwe juu ya paa. Haikuwa batoto. Jumapili, kisha misa, jua ikiwa juu, bantu benye nawajua kwa majina. Chef ya kijiji akakuya, akasimama inje ya lupango, hakuingia. Akasema: «Mama Élisa, minyi sikufukuzi. Lakini nitashindwa kuchunga bantu.» Nikamuambia tantine ni mugonjwa ya miguu. Akasema: «Basi miguu yake ipone mbio.»

Hiyo haiko mubaya yote. Nakuambia mubaya.

Jana nilirudia ku shamba, nikamukuta tantine inje. Peke yake, katikati ya lupango, mu jua. Anainua mukono, anaangalia chini. Anainua muguu, anaangalia chini. Nikamuambia: «Tantine, unafanya nini?» Akasema: «Naijaribu.»

«Unajaribu nini?»

«Kivuli. Kama inanifuata ao inafanya kazi yake.»

Nikamuvuta ndani. Akaikala. Kisha akaniuliza pole-pole, vile anakuulizaka kama bukari, ugali yetu, ilisha kuiva: «Élisa, muntu anaweza kula mutoto ya nyumba na asijue? Mu ndoto nilikuwa namupa Josaphat chakula. Labda haikuwa chakula.»

Philémon, huyu mama alituosha kisha mama yetu kufwa. Sasa anajichunguza kama mwizi. Hakuli tena. Anasema anaogopa kula.

Nilikuuliza neno moja. Ulinijibu kuhusu kuku na mavumbi. Minyi nakujua tangu ulikuwa unakojolea mukeka na kumusingizia Nahum. Vile ulikuwa unaangalia kando, njo vile barua yako inaangalia kando.

Unaficha nini?

Élisa

*

Kamina, le 27 juillet 2025

Yaya,

Salamu yangu leo iko fupi. Niko muzima, sistahili.

Ni minyi nilimutosha tantine mu picha, nilimufuta.

Nasema tena, usifikiri ulisoma mubaya. Ni minyi, na mukono yangu, na ile stylo. Évaluation iko na fasi inauliza: stylo inasaidia nini kwa kutengeneza picha? Banasema ujaribu. Mu ile mashini unazungusha stylo kando ya kintu yenye hutaki, unagusa, kintu inapotea. Na mashini inajaza fasi yake yenyewe, kama kuna ukuta inaweka ukuta. Nilizungusha kando ya tantine. Kichwa, mabega, kikwembe, miguu. Kivuli nilisahau. Nilifanya hivi mu juma ya Pasaka, Josaphat alikuwa angali muzima, anapita mbele ya biro na kupiga klaksoni.

Utaniuliza juu ya nini yeye. Naandika hiyo sasa, kabla niogope tena. Ningeweza kujaribu na mbuzi. Mbuzi ya jirani ilikuwa mu picha ile ile. Mbuzi niliiacha.

Ile picha ilikuwa ya kwenda Lubumbashi pamoja na rapport. Na tantine alikuwa na kikwembe yake ya michoro ya ndege, ile ilipasuka pa goti, na miguu bila viatu, na tumbako mu shavu. Nikafikiri bakubwa bataangalia, batasema: secrétaire Philémon anatoka kwa bantu ya namna hii. Njo hiyo tu. Ilikuwa haya, aibu ya bantu yangu. Hakuwa amenikosea. Yaya, weye unakumbuka muvua ya ile mwaka, vile alinibeba ku mugongo mpaka ku masomo, juu viatu yangu isilowe. Yeye hakukuwa na viatu siku ile. Na hizi siku zote hakupata, na minyi niko na mushahara.

Kuko ingine mubaya zaidi. Ile mashini inachungaka picha ya kwanza chini ya ile ya pili. Unagusa fasi moja, na kila kintu inarudia vile ilikuwa. Nilijua. Pa kilio, wakati yaya Nahum aliuliza «Tantine iko wapi?», kioo ilikuwa mu mikono yake na minyi nilikuwa pembeni. Ningenyoosha kidole. Nilifungua kinywa. Nikaona vijana banaangalia, na Yav anaangalia, nikafikiri: nikisema ni minyi, batauliza juu ya nini nilimufuta dada ya baba yetu, na juma kidogo kisha mutoto akafwa. Jibu ni haya, na hakuna muntu atakubali kama muntu anafuta mwingine juu ya haya tu. Batanisema ni minyi mulozi. Nikafunga kinywa. Jiwe ikamupata yeye.

Kila siku mu biro nafunga mulango na namurudisha. Anasimama pale, anamushika yaya Nahum mukono, anacheka na tumbako yake. Namuangalia. Kisha muntu akipiga hodi, namutosha tena. Namutosha kila siku, yaya. Sijue ni mara ngapi nilimufanya hivyo.

Niko naogopa. Nikisikia moto inasimama inje, nafikiri ni bale vijana ya majiwe banakuya. Nikiwa peke yangu mu jua, naepuka kuangalia chini.

Umuambie tantine. Ao usimuambie, sijue. Umuambie kivuli yake haina kosa.

Philémon

*

Mulongo, le 10 août 2025

Philémon,

Nilimusomea yote. Nilifikiri niruke fasi ya kikwembe, kisha sikuruka. Hauna ruhusa ya kuungama nusu.

Alisikiliza. Akasema: «Soma tena.» Nikasoma tena. Akauliza: «Mbuzi aliiacha?» Nikasema ndiyo, mbuzi aliiacha. Kisha akasema: «Niletee bukari.» Akakula. Akakula na samaki, na mifupa akaiweka kando moja moja, na machozi inashuka juu ya mikono, na akaendelea kukula. Hakusema neno ingine juu yako mpaka leo, na minyi simulazimishe.

Usiku uliopita balikata kamba ya bwato yangu. Ilikwenda na maji. Bado kidogo bataingia ndani.

Minyi sikusamehe. Labda ingine siku. Sasa sikiliza. Usiende kumuambia yaya Nahum peke yake, atakubali mbele yako na Yav atamugeuza mu njia. Usiende kwa pasta aseme kwa niaba yako. Siku ya kumaliza kilio, bantu bote bakiwa pale, benye balishika majiwe nabo, usimame na mashini yako. Ulimutosha mbele ya bantu, umurudishe mbele ya bantu.

Unaogopa, najua. Naye aliogopa, na hakujua hata juu ya nini.

Élisa

*

Kamina, le 24 août 2025

Yaya Élisa,

Nakuamkia weye, na namuamkia tantine, kama anakubali kusikia salamu yangu. Niko mu nyumba. Séphora alifunga madirisha. Nakuelezea vile ilipita.

Jana tulimaliza kilio mu lupango ya yaya Nahum. Bukari ilipikwa mu masufuria ya kanisa, munkoyo, ile kinywaji ya mihindi, ilikuwa mu ndoo chini ya hangar ya majani. Pasta akaomba. Benye kukata nywele ya kilio bakakata. Yav alikuwa pa kiti ya mbele, na koti nyeupe. Nilikuwa na mashini mu mufuko.

Nikasimama. Yaya Nahum akafikiri ninataka kutoa shukrani, akanyamazisha bantu: «Secrétaire anasema.»

Nikasema: «Ile picha yenye muliona, ni minyi niliiharibu. Tantine alikuwa mu picha. Nilimutosha na hii stylo.»

Bantu habakuelewa. Kijana moja akacheka: «Papa Philé, munkoyo ilisha kukukamata?»

Nikamulomba Séphora anivute picha, hapo hapo, minyi nimesimama pa ukuta ile ile ya matafari. Nikawaita bote bakaribie. Nikazungusha stylo kando yangu mbele ya macho yao: kichwa, mabega, suruali, viatu. Nikagusa. Nikapotea. Ikabakia ukuta, na chini kivuli yangu.

Bamama bakarudia nyuma. Mutoto moja akaangalia picha, akaniangalia, akaanza kulia. Nikasema: «Muniguse. Niko hapa. Josaphat alikufwa na palu, tantine alifutwa na minyi, na hizi mambo mbili hazijuane.» Hakuna mwenye alinigusa.

Kisha nikafungua ile ya Pasaka. Nikagusa fasi yenye ilikuwa lazima niguse tangu siku ya kwanza. Tantine akatokea. Kikwembe ya ndege, miguu, tumbako, yote. Mukono yake ndani ya mukono ya yaya Nahum. Na Josaphat katikati, anacheka.

Yaya Nahum akakamata mashini. Akaangalia. Akaniuliza na sauti ya chini, kama tuko shiye babili tu:

«Inarudishaka bantu?»

«Benye nilitosha, inabarudisha.»

«Basi umurudishe Josaphat.»

«Yaya, hiyo haiwezi.»

«Umurudishe. Ulimurudisha tantine, naona. Gusa.»

«Josaphat iko mu picha, yaya. Hakutoka.»

Akagusa yeye mwenyewe. Akagusa uso ya mutoto yake na kidole, mara na mara, pa kioo, na kioo ikawa inakuza tu ile uso, inakuza, mpaka ikabakia meno na kivuli ya kofia. Akanirudishia. Akasema:

«Basi ni mashini ya nini.»

Akaikala chini mu mavumbi, yaya, muntu ya nywele nyeupe, na akalia vile hakulia ku makaburi.

Yav njo akasimama. Akasema: «Muliona bote. Anafuta bantu na kijiti. Alijifuta mwenyewe na kivuli ikabakia. Munatafuta mulozi Mulongo, na iko hapa anakula bukari yenu.» Nilijua ataisema. Tangu mwezi ya tano nilijua, njo juu ya ile nilimuacha tantine aibebe. Vijana bale bale bakatafuta majiwe. Moja ikanipata pa mudomo, jino inatikisika. Séphora akasimama mbele yangu na kijiko ya bukari mu mukono.

Yaya Nahum akasema kutoka chini, hakuinuka: «Muache.» Kisha akasema: «Tantine arudie. Nitarudisha mabati yake minyi mwenyewe. Na Philémon aende kwake. Sijue kama nitaikala naye pa sahani moja tena.»

Nikaenda. Nyuma yangu bantu balifungua njia pana sana, bamama bakavuta bikwembe yao isiniguse.

Leo jirani hakujibu salamu. Mutoto yake nikipita anaruka kivuli yangu.

Leo asubui nilimaliza évaluation. Nilitia picha ya famille ya kweli, tantine ndani, mbuzi ndani. Pa clavier nikaandika muzuri. Pa kioo nikaandika mubaya mu jua. Pa stylo niliikala muda murefu. Nikaandika: «Inafuta muzuri sana. Usimupe muntu mwenye haya.» Kesho nitarudisha mashini ku biro. Bakubwa bataniuliza hiyo inasema nini, na nitabaambia.

Woga haikuisha, yaya. Ilibadilisha tu nyumba: ilitoka kwa tantine, ikakuya kwangu. Nafikiri hii njo fasi yake.

Umuulize tantine kama atarudia. Na kama anakatala, namuelewa.

Philémon

*

Mulongo, le 7 septembre 2025

Philémon,

Salamu, na pole ya jino. Uweke maji ya chumvi.

Chef alikuya, leo aliingia ndani ya lupango na kukunywa maji. Bwato yangu balileta, banasema waliikuta imekwama mu majani. Nikasema asante, wafwako, kama vile ninaamini.

Tantine anarudia. Atapanda baleinière ya Jumatano na mama Lise, kisha train. Siku ya kufika hakuna muntu anaweza kujua, utaenda ku gare ya train kila siku mpaka umuone. Naandika sasa maneno yake, vile anaitoa, alinikataza kuitengeneza:

«Philémon. Nitavaa ile kikwembe ya ndege. Élisa alitaka kunishonea pa goti, nikakatala. Utaningoja ku gare weye mwenyewe, mu muchana, pa fasi bantu bote banapita. Utanibebea mufuko. Tutapita mu soko, mbele ya chambre ya Yav, mpaka kwa Nahum. Kwa miguu, moto hapana. Naogopa sana, mutoto yangu, usifikiri siogope. Kwa hiyo usitembee mbele yangu na usitembee nyuma. Utembee pembeni, karibu, vivuli yetu ishikane. Bakitupa jiwe, basijue wanamutupia nani.»

Njo hivyo alisema. Kisha akauliza tena kama Nahum alikula. Safari hii sikusema ndiyo. Nilimuambia ataona mwenyewe.

Élisa